Sista Benchi, Aliyetoka Dirishani

Alizaliwa siku ya Jumatano ya Majivu, saa tano asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya ofisi ya posta. Baba yake alikuwa karani wa kupanga barua, mtu mkimya aliyeweza kusoma mwandiko mbaya kuliko yote mjini, na mama yake alikuwa dobi. Yeye alikuwa mtoto wa tano na wa mwisho. Wanasimulia kwamba alipotoka tumboni sauti yake ilisikika hadi kwenye dirisha la stempu, na bibi yake mzaa mama, mwanamke wa mizaha hata penye mambo mazito, akasema, "Huyu hajalia, huyu ametangaza." Akakua na sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa. Kwa upande wa baba alirithi kupenda mpangilio: viatu vya nyumba nzima alivipanga mlangoni kwa ukubwa wake, na ole wake aliyevivuruga. Nayataja haya mawili, sauti na mpangilio, kwa sababu ndiyo yaliyompeleka alikopelekwa, na ndiyo yaliyomwangusha. Waandishi wa maisha ya watakatifu hupenda kuuonyesha utakatifu tangu kwenye nepi. Mimi sikuuona huko, na sitauzua.

Alipofika umri wa miaka kumi na tisa aliingia utawani. Wito wake haukuja na ndoto wala mwanga. Alimwambia mama yake wakikunja shuka pamoja, mmoja ameshika pembe hizi na mwingine zile, na mama akavuta shuka, akainyoosha, akasema, "Haya, nenda, ila ukichoka usijifanye hujachoka." Akaweka nadhiri miaka minne baadaye. Kwa kuwa aliimba vizuri, wenzake walidhani atapewa kwaya. Mama Mkuu wa shirika, mwanamke mfupi mwenye macho ya kupima watu, alimpeleka kwenye hospitali ya shirika, katika chumba cha kadi. "Huko tunahitaji mtu wa kusikika," alimwambia.

Chumba hicho nimekiona kwa macho yangu. Kina rafu za mbao ukuta mzima, meza yenye muhuri na kidau cha wino, na enzi hizo kilikuwa na dirisha lenye nondo lililoelekea kwenye baraza, ambako wagonjwa huketi kwenye benchi refu lisilo na mgongo. Kizingiti cha dirisha kilimfika kifuani mtu mzima aliyesimama. Utaratibu ulikuwa huu: kadi za siku zilitolewa mapema, karani akaita jina mara tatu, aliyeitika akaingia kwa daktari. Asiyeitika, kadi yake iliandikwa "Hakufika". Kadi ikipata "Hakufika" tatu, iliondolewa rafuni na kufungiwa kwenye kabati la chini pamoja na za waliohama na waliokufa. Kuandika neno hilo kwa kalamu nyekundu ulikuwa ubunifu wa Sista mwenyewe, na alijivunia. Kwa miaka minane rafu zake zilisifiwa na kila mkaguzi, na sauti yake ilifika hadi getini. Alisema baadaye kwamba katika miaka hiyo minane alikuwa na furaha kamili, na kwamba hilo ndilo linalomtisha.

Katika mwaka wa nane alifika hospitalini mwanamke mshonaji, ambaye nitamwita Fundi kama wateja wake walivyomwita. Fundi alizaliwa kiziwi. Safari ya kwanza aliletwa na dada yake, aliyemsemea kila kitu dirishani, akapewa tarehe ya kurudi kwenye kliniki ya macho, iliyokuwa Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Dada akajifungua, asiweze tena kutoka, na Fundi akaja peke yake. Mlinzi aliitazama karatasi yake, akamwonyesha benchi. Akaketi. Jina likaitwa mara tatu, kwa ile sauti nzuri, nyuma ya nondo. Alipoona watu wote wameondoka, alielewa kwamba siku hiyo haikuwa yake, akarudi mwezi uliofuata, akaketi palepale.

Mwezi wa tatu, Sista alipotoka kufunga baraza alasiri, alimkuta bado yuko. "Mama, tumefunga," akasema. Yule mwanamke hakugeuka. Akarudia kwa nguvu zaidi, na mfagiaji, mama mmoja aliyekuwa akisukuma vumbi upande wa pili, akainua kichwa. "Sista, huyo hata ukileta tarumbeta. Hasikii. Kila Jumanne ya macho yupo hapo tangu asubuhi."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Sista. Mimi kazi yangu ufagio."

Fundi akamwonyesha karatasi yenye tarehe. Sista akaingia ndani kuitafuta kadi, na hakuikuta rafuni. Aliikuta kwenye kabati la chini, mahali alipoiweka mwenyewe kabla ya chakula cha mchana, ikiwa na maneno matatu mekundu yaliyonyooka vizuri. Akaketi sakafuni kati ya kadi za marehemu.

Daktari, aliyesomea macho na ndiye aliyekuwa mkuu wa hospitali, alimpima Fundi kesho yake. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kuzimika. La kushoto lingeweza kuokolewa kwa upasuaji, na kwa dawa ya matone na vipimo vya kila mwezi maisha yake yote. Daktari akanawa mikono, akasema kwa masikitiko, "Angekuja miezi mitatu iliyopita." Sista, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajibu, "Alikuja." Wote waliokuwepo walisema hawakuwahi kumsikia akisema neno kwa sauti ndogo kiasi hicho. Ndugu msomaji, elewa jambo hili: mtu huyu alikuwa akisikia kwa macho. Midomo ya watu, mikono ya dada yake, sindano iliyomlisha, vyote viliingia kwa mlango huo mmoja. Jicho la kushoto likizimika, angebaki hai ndani ya chumba kisicho na mlango wala dirisha. Naandika haya nikiwa na hasira hata leo.

Sista alikwenda kwa Mama Mkuu kuomba aachishwe kazi, akilia. Mama Mkuu alimwacha alie, kisha akamwambia, "Machozi ni yako, jicho ni lake. Kulia hakutamsaidia kuona. Rudi kazini." Akarudi, lakini si dirishani. Aliitoa ile kadi kabatini, akamwandikia Fundi mpya, na ile ya zamani akaitia mfukoni mwa joho lake, ikakaa humo miaka thelathini na tisa. Kuanzia Jumatatu iliyofuata alitoka na kadi mkononi, akapita benchi zima toka mwanzo hadi mwisho, akimgusa kila mtu begani na kumwonyesha kadi. Ndipo akaanza kuona mambo ambayo nondo zilimficha. Kulikuwa na mzee asiyeona aliyekuwa akirukwa kila siku, kwa kuwa walioona waliwahi mlango. Kulikuwa na fundi viatu aliyetembea kwa mikono, ambaye hakuwahi kupimwa uzito kwa vile mizani ilimtaka asimame. Kulikuwa na binti mwenye kifafa ambaye maswali yote aliulizwa mama yake, hata swali la kama tumbo linamuuma. Wagonjwa wakaanza kumwita Sista Benchi, kwanza kwa utani.

Lugha ya alama alijifunza kwa Fundi, kila Jumapili baada ya Misa, katika chumba cha cherehani chenye vipande vya vitambaa hadi mlangoni. Alikuwa mwanafunzi mbovu. Vidole vyake vilizoea kupanga, si kusema. Siku aliyojikaza kumwomba msamaha, alikosea alama na kumwomba amwoshe, na Fundi akacheka hadi sindano ikamdondoka. Wakaitafuta wote wawili kwa magoti. Msamaha wenyewe ulikuja baadaye, bila alama yoyote: Fundi alimshonea joho jipya, lenye mfuko wa kadi.

Majaribu hayakukawia. Foleni sasa ilikwenda polepole, na waliozoea kuwahi walinung'unika. Sista akazidi kuharibu mambo kwa kumwita seremala apunguze miguu ya kitanda cha kupimia bila kuomba ruhusa. Hapo alikosea, na mimi simtetei. Kwa upande wa subira alikuwa na upungufu hadi anakufa. Daktari alikuja juu. "Sista, umekata kitanda cha hospitali?"

"Nimekata miguu yake, daktari. Fundi viatu ameshindwa kukipanda."

"Na mgongo wangu mimi?"

"Wako unainama. Nimeuona ukifunga viatu."

Jibu hilo lilisimuliwa hospitali nzima kwa kicheko, na lilimponza. Kamati ya hospitali iliketi, ikasema Sista ameleta fujo na dharau, ikampeleka chumba cha kufulia. Karani mwingine akawekwa dirishani, na majina yakaanza tena kuitwa nyuma ya nondo. Ilikuwa mwezi mmoja tu tangu Fundi apasuliwe lile jicho la kushoto. Akikosa vipimo, presha ingepanda tena kimyakimya.

Sista alitii. Hakwenda barazani hata mara moja, maana alikuwa ameweka nadhiri ya utii na hakutaka kuichagulia siku inayompendeza. Lakini alipokuwa akianika shuka, mfagiaji alipita na ndoo yake, na Sista akamwambia, "Dada yangu, wewe hakuna aliyekukataza kufagia."

"Hakuna."

"Jumanne, ukisikia jina la Fundi, fagia hadi kwake."

Mfagiaji akafanya hivyo. Jina likiitwa, ufagio ulitembea chini ya benchi hadi ukagusa kiatu cha Fundi, naye akainuka na kuingia. Mfagiaji akaona kazi hiyo si ngumu, akaongeza yule mzee asiyeona, akimshika mkono kana kwamba anampisha vumbi, kisha binti wa kifafa. Miezi minane ilipita hivyo. Daktari, ambaye hakuwa mtu mbaya, alishangaa kwamba walewale waliotarajiwa kupotea hawapotei. Siku moja akaacha mlango wake wazi, akatazama, akauona ufagio. Kamati ilipoketi tena alisimama akasema, "Dawa yangu haimfikii mtu aliyeachwa kwenye benchi. Mrudisheni Sista. Na kitanda kibaki kifupi, nimeshakizoea." Mfagiaji akahamishiwa naye kazi ya kuwaingiza wagonjwa, akapewa sare mpya, lakini ufagio hakuuacha.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi tu. Dirisha lilibomolewa hadi chini, wa magongo na wa kiti cha magurudumu wakamwona karani uso kwa uso. Ngazi tatu za mlangoni zikapewa mteremko, na mizani ikawekewa ubao mpana. Kila karani, muuguzi na daktari mgeni alikalishwa kwenye benchi asubuhi moja nzima, ametiwa pamba masikioni na kitambaa machoni, asubiri zamu yake. Daktari mmoja kijana alilalamika kwamba amesahauliwa kwa saa nne. Sista akamwambia, "Umesahauliwa saa nne, na jioni utavua kitambaa." Kalamu nyekundu haikuonekana tena. Mpaka leo hakuna karani hospitalini humo anayeruhusiwa kuandika kwamba mtu hakufika kabla ya kulipita benchi kwa miguu yake hadi mwisho.

Alifariki akiwa na umri wa miaka sabini, Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, akiwa ameketi mwisho wa benchi ambako alipumzika siku za uzee. Waliomkuta walidhani anasinzia. Mfukoni mwake kulikuwa na rozari, kitambaa cha mkono, na ile kadi. Baada ya mazishi zilianza kusimuliwa habari za maajabu: kwamba kiwete alitembea kaburini kwake, kwamba kiziwi alisikia kengele. Sikumwona huyo kiwete, wala aliyenisimulia hakumwona. Nilikuwa katibu wa kamati iliyoteuliwa na askofu kukusanya ushahidi, nami ni wajibu wangu kusema nilichokipata.

Fundi alikuja mbele yetu akiwa bibi wa miaka themanini, amevaa gauni aliloshona mwenyewe mwaka ule, kwa jicho moja. Alifuatana na mpwa wake wa kutafsiri. Nilikuwa nyuma ya meza, kalamu mkononi, na nikamwambia mpwa, "Muulize kama Sista alimponya." Fundi akagonga meza kwa kiganja, akajielekeza kidole kifuani. Mpwa akainamisha macho akasema, "Anasema yeye ndiye yuko hapa, umuulize yeye." Nikaona haya kuliko nilivyowahi kuona haya maishani. Nikamgeukia, nikamtazama, nikauliza tena, polepole. Akajibu kwamba jicho la kulia halikupona, na la kushoto lilitibiwa na daktari.

"Basi bibi, muujiza wenyewe ni upi?"

Akafikiri kidogo. Kisha mikono yake ikasema, na mpwa akafuatisha: "Aliinuka kwenye kiti chake."

Nikaandika, nikangoja. "Halafu?"

"Halafu akaja nilipokaa."

Nikamsubiri aendelee. Yeye akanitazama kwa lile jicho lililookolewa, mikono imetulia mapajani, kama mtu aliyekwisha kusema yote. Wenzangu kwenye kamati wanasema ushahidi huo hautoshi, na pengine wanasema kweli. Mambo hayo yana wakubwa wake. Anayetaka kumwiga Sista Benchi hahitaji kungoja uamuzi wao. Mimi nilifunga daftari, nikainuka, nikaizunguka ile meza hadi upande alipoketi Fundi.