Macho Yake Yalipimwa Kama Akili

Juzi katika kliniki moja ya Nkubu, mlango wa chumba cha daktari ukiwa wazi, tuliokuwa kwenye foleni tulimwona mwalimu mwenye multiple sclerosis, ugonjwa wa neva, akifanya mtihani wa akili. Pua yake ilikaribia kugusa alama ndogo za mtihani karatasini. Majibu yalikuja polepole.

“Akili imeisha, daktari,” mumewe akasema. “Heri aache kufundisha.”

“Ugonjwa huu hupiga macho pia, mzee.” Daktari akaisukuma karatasi kando. “Mwalimu, mia toa saba, halafu endelea kutoa.”

“Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, sabini na mbili…”

“Ngoja kwanza!” mume akalia, akihesabu kwa vidole na kuchanganyikiwa.

Tulipiga makofi!

“Arudi darasani,” daktari akasema, “apewe maandishi makubwa.”

Mume hakupimwa. Hakuna aliyekuwa ameishuku akili yake.