Betri ya Mizani

Nilipofungua chumba changu cha kurekodi nyimbo mjini Baraka, wa kwanza kuja walikuwa bamama wa kwaya ya kanisa letu. Walifika kumi na mmoja, wote katika vitenge vya kwaya, ingawa niliwaambia mashini inanasa sauti tu. Ordinatere yangu, yaani kompyuta, niliinunua Uvira, kuukuu, nikaiongezea kipande cha pili cha memwari, kipya.

Kwenye ubeti wa pili skrini ikaganda.

"Mutoto wangu, tulikosa wapi?" akauliza mama aliyeongoza kwaya.

"Si nyinyi, mama. Ni mashini njo inabloke."

Wakarudia, ikaganda tena. Bamama wakaketi, wakatoa karanga. Nikaiwasha upya na kuingia kwenye mipangilio ya ndani, ule ukurasa niliokuwa nikiuogopa siku zote. Safari hii niliusoma polepole, mstari kwa mstari. Kumbe kipande kipya kilikuwa na mbio, na mashini ilikuwa ikivisukuma vyote viwili kwa mwendo ambao kile cha zamani hakiuwezi. Nikapunguza mwendo kidogo, nikaongeza muda wa kungojana kati yavyo, nikahifadhi. Bamama wakaimba wimbo mzima wa Kibembe bila kukatika. Nilipiga makofi peke yangu kama mwehu.

Kisha umeme wa sola ukazimika. Uliporudi, skrini ikaganda kama mwanzo. Nikafungua tena ule ukurasa: namba zangu zimefutika, na saa ya mashini inaonyesha mwaka ambao nilikuwa bado shule ya msingi. Hapo nikaelewa. Saa na mipangilio vyote hutunzwa na betri moja ndogo, duara, kama kifungo cha koti, na yangu ilikuwa imekufa.

Nikaichomoa, nikazunguka nayo madukani. Hakuna. Niliporudi, mama kiongozi akaigeuza kiganjani, akacheka.

"Hii? Mi niko na yake!"

Yeye hununua dhahabu machimboni Misisi. Akatoa mkobani mizani yake ndogo, akaifungua kwa ukucha, betri ya aina ileile ikadondoka.

"Na kazi yako, mama?"

"Dhahabu haiozake. Weka, tuimbe."

Nikaiweka, nikarekebisha saa, nikarudisha namba zangu. Tulimaliza nyimbo nne mchana ule. Wiki iliyofuata nilizisikia sokoni, kwenye simu ya muuza ndagala, nikasimama kusikiliza mpaka mwisho, nikaenda nyumbani bila kununua samaki.