Kalkuleta Iliyoimba

Miaka ya themanini nilikwenda dukani hapa Isiolo kuchagua kalkuleta. Zilikuwa mbili: nyeusi iliyonyamaza, na nyekundu ambayo kila namba ilikuwa na mlio wake. Mwenye duka akanishauri nichukue nyeusi. Nani alimwuliza? Mfanyabiashara wa ng'ombe ni mimi. Nikachukua nyekundu.

Sokoni tulikuwa tukipatana bei kwa kuminyana vidole chini ya shuka, madalali wasijue. Mzee mmoja wa Korbesa aliyekuwa na fahali mzuri akaniminya bei yake. Kwa mkono mwingine nikaibonyeza kwenye kalkuleta, nione kama faida itabaki. Ti, to, ti! Soko zima likaangua kicheko, na mzee akacheka kuliko wote.

“Pesa ya arbuni sitaki,” akasema. “Niachie hicho kinachoimba, nikuwekee fahali kwa bei hiyo hiyo mpaka mvua iishe. Usipomtaka, kitu ni changu.”

Nikakubali. Mvua ilipoisha nikaenda Korbesa kumchukua fahali. Mzee nilimsikia kabla sijamwona: alikuwa kisimani, akiwapigia ngamia wake bei yetu ya siri, nao wanakunywa.