Mlango wa Nyuma wa Chumba cha Vyungu

Kwa miaka kumi na tisa alitembea na funguo za makumbusho kiunoni, ndiyo maana wenzake wakamwita Mama Funguo. Ukisikia zinalia koridoni, unaondoa mkono kwenye kioo kabla hajakufikia. Lakini hakuwa mkali kwa asili. Wanafunzi aliwaambia, "Macho yafanye kazi, mikono ipumzike," wakacheka, wakatii.

Kilichomchemsha damu ni mnyororo. Baada ya kibakuli kimoja kuibwa ghorofani, mkurugenzi aliamuru mlango wa nyuma wa chumba cha vyungu ufungwe kwa mnyororo na kufuli. Ufunguo wake akautia kwenye droo ya ofisini kwake.

"Bosi, mlango ule ukifungwa, chumba kinabaki na ngazi moja tu ya mbele, tena nyembamba," Mama Funguo alimwambia. "Watu wakijaa, watatokea wapi?"

"Wewe linda vyungu. Watu niachie mimi."

Akaandika barua, kisha ya pili. Alipendekeza waingie watu thelathini kwa zamu, na mlangoni iwekwe kengele badala ya mnyororo, ili mwizi asipite kimya na mwenye kukimbia hatari apite. Hakujibiwa hata moja.

Siku ya kiingilio cha bure, foleni ilizunguka jengo. Alifunga kamba chini ya ngazi, akawa anahesabu. Mkurugenzi akafika na wapiga picha, akaifungua kamba kwa mkono wake mwenyewe.

"Waache wapande. Nataka kuona chumba kimefurika."

Kikafurika kweli. Mama Funguo akapenya hadi juu kujaribu kuwarudisha. Wa juu walishindwa kushuka, wa chini walizidi kusukuma. Taa ya kabati moja ikapasuka kwa kishindo, mtu akapiga kelele, "Moto!" Moto haukuwepo, ila nani angesubiri kuhakikisha? Mama mmoja mjamzito akabanwa ukutani, mdomo wazi, sauti haitoki.

Mama Funguo alichukua mtungi wa kuzimia moto, akaupiga mnyororo. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu pete iliyoushikilia mlangoni iling'oka na kipande cha ubao. Watu wakamiminika nje kwa ngazi ya nyuma. Katika purukushani hiyo meza moja ilipinduka, na chungu kikubwa kuliko vyote, chenye umri mkubwa kuliko jengo lenyewe, kikasambaratika sakafuni.

Hakufa mtu. Yule mjamzito alikaa chini uani, Mama Funguo akawa anampepea kwa daftari la wageni mpaka pumzi ikamrudia.

Siku ya tatu alipewa barua ya onyo: ameharibu mlango na kusababisha chungu kuvunjika. Akiri kosa, atie saini.

"Wifi, saini tu yaishe," dada wa mumewe alimsihi nyumbani. "Watoto watakula hasira zako?"

"Nisaini kwamba nilikosea kuwafungulia watu? Angebanwa mwanao pale, ungeniambia hivyo?"

Wifi akaendelea kukunja nguo.

Kesho yake alisimama mbele ya kamati ya nidhamu ya makumbusho. Mkurugenzi akaanza, "Unajua chungu kile kilikuwa na thamani gani?"

"Nakijua kuliko wewe! Nimekifuta vumbi miaka kumi na tisa, na nimekililia. Wewe hujauliza hata mara moja yule mama ana hali gani." Akaweka mezani nakala za barua zake, zote zina muhuri wa kupokelewa.

Mwenyekiti alizisoma taratibu. "Hizi zilikufikia?"

Mkurugenzi akatazama feni.

Onyo lilifutwa. Mlango ukawekewa kengele na komeo la kusukuma kwa ndani, na wageni sasa hupanda thelathini thelathini. Wiki hiyo gazeti likatoa picha ya mkurugenzi akiusukuma mlango huo, akieleza mpango wake mpya wa usalama. Mpango wake! Mama Funguo alisoma akiwa amesimama, akalikunjakunja gazeti, akalitupa.

Kila asubuhi humsalimia mkurugenzi, maana wanafanya kazi jengo moja. Usoni hamtazami. Hasira hiyo, anasema, hana haraka ya kuimaliza.