Choo cha Mwenyekiti

Wifi yangu Sikuzani, Mama Faruku, ndiye mwenyekiti wa kamati ya vyoo hapa Chilangala, na msimwone mpole. Mwenye choo kisichotumika anafungiwa kitambaa chekundu mlangoni, mchana kweupe. Tena mkutanoni aliapa: "Choo kisichotumika kikikutwa kwangu, kitambaa nitafunga mwenyewe na uenyekiti naacha." Nilimwambia apunguze maneno. Thubutu!

Mwaka huu akaja Cyril, mtafiti kijana kutoka Masasi. Watafiti wa zamani walihesabu vyoo wakaondoka. Huyu alitaka kujua kama vinatumika na nani anavitunza. Akapita nyumba kwa nyumba, sisi majirani tukimfuata, mpaka kwa mwenyekiti, ambaye asubuhi ile ndiyo kwanza amerudi kutoka Newala, alikokaa siku tatu kwa binti yake aliyejifungua.

"Shikamoo, Mama Faruku. Hapa sina haja ya kufungua choo."

"Marahaba. Fungua, mwanangu! Kwani mimi nani?"

Kaka yangu Awadhi, mumewe, akaanza kukohoa. Mara ufunguo umepotea, mara ndani kuna nyuki. Sikuzani akauchomoa mfukoni mwa mumewe, akafungua. Lahaula! Magunia ya korosho yamepangwa hadi kwenye bati.

"Mvua ilitishia," kaka akasema, "na sakafu ya saruji tunayo hiyo moja tu."

"Na wewe siku tatu ulikuwa unakwenda wapi?" Sikuzani akamuuliza.

Kaka akalitazama shamba la mihogo. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Cyril, muungwana, akafunga daftari. "Nitapita kesho, mama."

Hapo kicheko kikaniisha. Kesho magunia yangekuwa yametoka, uenyekiti umebaki, na sisi majirani tungenyamaza. Sikuzani naye alilijua hilo.

"Andika leo," akasema. "Nyumba ya mwenyekiti, hakitumiki." Akaleta kitambaa chekundu, akakifunga kwa mkono wake. Nilimwonea huruma, na nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Mama Yasinta, jirani, akajikuna shingo. "Mwanangu Cyril, rudi na kwangu. Kile nilichokuonyesha ni cha wageni, sisi wenyewe hatukigusi." Mwingine akakiri kwamba ndani ya chake wanalala kuku. Hadi adhuhuri Cyril alikuwa anafuta na kuandika upya.

Jioni Awadhi alihamishia magunia chumbani, upande wake wa kitanda, yeye akatandika mkeka sebuleni. Sikuzani akapeleka daftari la kamati mkutanoni, akaliweka mezani. Mama Yasinta akalichukua, akamrudishia mapajani.

"Uliapa peke yako," akasema. "Sisi hatujakuruhusu kuacha."