Ofisi Iliyokwenda Matangani

Mjini Kasongo, kazi ya serikali haiombwi, hukaliwa. Barua ya maombi hupelekwa, naam, pamoja na nakala ya diploma na vyeti vyote, lakini barua ni adabu tu, kama kupiga hodi penye mlango ulio wazi. Linalotakiwa ni kuingia ofisini, kukaa, na kufanya kazi kama mwenye mshahara, hadi siku watakapofika watu kutoka Kindu, makao makuu ya mkoa, kuhesabu nani yupo. Watakayemkuta amekaa, jina lake litapanda Kinshasa na siku moja litashuka na namba, ile wanayoiita matricule, na nyuma ya namba huja mshahara. Wasiyemkuta ni kama hakuzaliwa.

Léocadie alikuwa amekaa. Alianza kukaa katika ofisi ya Visima na Chemchemi wakati mtoto wake wa kwanza hajaota jino. Sasa mtoto huyo ana sauti nzito na anavaa viatu vya baba yake. Muda wote huo Léocadie aliitwa nouvelle unité, yaani mtumishi mpya. Mumewe, Serge, ambaye ni mkulima wa mpunga na hana subira na Kifaransa, aliwahi kumwuliza kama serikali ina neno lingine kwa mtu mpya anayeanza kuota mvi.

Kiti alichokalia kilikuwa chake. Serikali iliipa ofisi ile chumba kimoja, meza mbili na ramani ya mito iliyoliwa na mchwa upande wa mashariki. Viti haikuleta, kwa hiyo kila mtumishi alikuja na cha kwake. Cha Léocadie kilikuwa cha mbao ngumu, kizito, chenye mgongo ulionyooka, na Serge ndiye aliyemchongeshea katika mwaka mmoja ambao mpunga ulikubali.

Kazi aliifanya. Alitembelea chemchemi za mji na za vijiji vya karibu, akaangalia bomba lililopasuka, akagombana na wanaofua nguo juu ya mahali watu wanapochotea, akaandika ripoti. Ripoti zilikwenda Kindu na hazikujibiwa. Alichosumbukia zaidi ni vyeti. Cheti cha afya na cha mwenendo mwema huchacha upesi kama mihogo iliyolowekwa na kusahauliwa. Kila tetesi za mission, yaani msafara wa wahesabuji hao, ziliposikika, alikimbia kuvitafuta vipya, daktari akamgonga mgongo na kuandika kwamba ni mzima. Halafu mission haikuja, na vyeti vikachacha tena. Shirika moja la maji lilimtaka Kindu, kwa mshahara wa kweli. Alikataa, kwa sababu mama yake alimlea na neno moja: mashirika huhama, serikali haifi.

Safari hii tetesi zilikuwa na miguu. Mkuu wa ofisi, Bwana Faradji, ndiye pekee kati yao mwenye namba, na alikuwa ameiona barua kwa macho yake. Mission iko njiani, alisema, na baada ya hesabu hii mlango unafungwa: walioko nje watabaki nje. Ofisi nzima ikanyooka. Hata Kamaldine, ambaye asubuhi alikuwa mtumishi wa serikali na mchana dereva wa pikipiki ya abiria, aliegesha pikipiki yake ukutani na kukaa kutwa nzima, akipiga miayo.

Basi ndipo mama yake Faradji akafa.

Alifariki alfajiri, na kwa Waislamu wa Kasongo maiti hailazwi bila sababu. Jua lilikuwa bado chini Kamaldine alipoingia ofisini na kofia yake ya kuswalia kichwani, akaanza kupandanisha viti.

"Da Léo, simama. Mama ya shefu ametutoka. Watamuzika leo leo, mbele ya laasiri."

"Ee Mungu! Pole yake. Na viti unapeleka wapi?"

"Matanga. Watu wanatoka mpaka Lusangi, watakaa juu ya nini?"

"Na mission?"

"Mission?" Kamaldine alicheka bila kugeuka. "Mission tulishaizika zamani, Da Léo. Hata hitima tulikula."

"Mimi nitabaki. Niko mukristu, kaburini hamutanipeleka. Nitaenda kutoa pole jioni."

"Baki, dada, baki. Shefu akimaliza kulia atauliza: Mama Léocadie alikuwa wapi? Tutamujibu: alikuwa analinda meza. Na wewe siku yako ikifika, watu wakae chini kwenye vumbi, ni vizuri?"

Kasongo, awe wa msikiti au wa kanisa, mtu huulizwa kwanza kama alifika kwenye matanga, ndipo huulizwa mengine. Na kiti kikiombwa kwa matanga hakinyimwi, hata kama mwenyewe amekikalia. Léocadie alisimama. Aliweka kiti chake kichwani, akafunga mlango kwa waya kwa kuwa kufuli lilikuwa limeibwa, akamfuata Kamaldine.

Kule msibani alikaa mkekani na wanawake. Kiti chake alikiona kwa mbali, uani kwa wanaume, kimekaliwa na mjomba mmoja mnene aliyekuwa akijigeuza huku na huku mpaka mbao zikalia. Léocadie alilia pia, na hakuna aliyemwuliza anamlilia nani.

Alirudi ofisini baada ya mazishi, kiti kichwani. Mama anayeuza mikate ya mafuta ng'ambo ya barabara alimwita kabla hajafika mlangoni.

"Mama Léo! Wageni wenu walikuja."

"Wageni gani?"

"Wa gari ya jipu. Mama moja wa miwani na wanaume wawili. Hata injini hawakuzima, betri yao imekufa, ikizima wanatafuta watu wa kusukuma. Wakauliza, ofisi ya Visima iko wapi? Nikawaonyesha. Wakafungua waya, wakachungulia. Mama akasema, hii siyo ofisi, hii ni depo."

"Na haukuwaambia?"

"Sikuwaambia nini? Nilisema wafanyakazi wako, lakini leo wako matanga. Akaniuliza: na viti? Nikasema: viti pia viko matanga." Mama yule alijaribu kuzuia kicheko, kikamshinda. "Walicheka, mama! Walicheka mpaka dereva akashika mti."

Léocadie alikiteremsha kiti, akakikalia pale pale kando ya barabara. Miaka yote ile alikuwa amekaa ofisini, kwa malaria na kwa mimba, kwa mvua iliyopita dari. Wamemkosa siku moja aliyosimama.

Kesho yake Faradji, macho mekundu, hakuweza kutoka mlangoni kwake kabla ya siku tatu. Alisema neno moja tu: "Muwaambie mimi niko na mufu." Kamaldine naye, kwa kuwa ndiye aliyebeba viti na alijua kosa lake, alileta pikipiki bila kuitwa na hakudai nauli. Léocadie alifunga vyeti vyake katika mfuko wa plastiki, akaviingiza kifuani chini ya nguo, wakashika njia ya Kabambare, lilikoelekea jipu.

Lusangi waliambiwa jipu limepita asubuhi. Lilisimama, likaunguruma, likaondoka. Waliendelea. Penye madaraja ya magogo Léocadie alishuka na kuvuka kwa miguu, Kamaldine akipitisha pikipiki huku akisoma dua kwa sauti kubwa kuliko injini. Kijijini Wamaza ndipo walipolikuta. Lilikuwa limeegeshwa mlimani, pua ikitazama bondeni, jiwe kubwa chini ya gurudumu, tayari kuwashwa kwa kuteremka. Watoto walikuwa wamelizunguka, maana huko gari la magurudumu manne si jambo la kila mwezi. Mbele ya shule, kwenye meza ya mwalimu, alikaa Madame Odile, mkuu wa mission, miwani juu ya kichwa.

Léocadie alijieleza vizuri, kwa Kifaransa cha diploma yake, kisha kwa Kiswahili. Madame Odile alimsikiliza mpaka mwisho.

"Poleni kwa msiba," alisema. "Sasa, mama, wewe uko wa wapi?"

"Kasongo."

"Na hapa ni wapi?"

"Wamaza."

"Basi hauko."

"Madame, niko nasimama mbele yenu."

"Nakuona. Kukuona siyo kukukuta. Tunahesabu mutu kwenye kazi yake. Kasongo tuliingia, hakuna mutu, hakuna kiti. Niliandika: biro, ofisi yenu, haipo."

"Rudini basi, hata saa moja! Tutakuwa wote."

"Turudi na betri ya nani?"

"Tutasukuma sisi, madame," Kamaldine aliingilia. "Kusukuma serikali tumezoea."

Mmoja wa wanaume wale wawili aliinama akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Madame Odile hakucheka, lakini hakukasirika. Alipitisha kidole kwenye karatasi zake, akasimama penye mstari mmoja.

"Hapa iko biro ya Visima na Chemchemi, Wamaza. Nafasi moja. Tangu asubuhi hakuna aliyejitokeza. Kama wewe ni wa hapa, nimekukuta. Kama ni wa Kasongo, ungojee mission ingine."

"Nyingine iko lini?"

Madame Odile alimtazama kwa macho ya mtu aliyeulizwa mvua ya mwaka ujao.

"Na biro yenyewe iko wapi?" Léocadie aliuliza.

"Mama, wewe ndiye wa hapa. Ungetuonyesha wewe."

Léocadie alihisi kicheko na tusi vikigombania koo lake. Ofisi ya Kasongo, yenye watu, meza na ramani, haipo. Ya Wamaza, isiyo na hata ukuta, ipo, na ina nafasi. Alimfikiria Serge na mpunga wake, na watoto ambao shule yao iko Kasongo. Aliufikiria mlango unaofungwa. Kamaldine alimsogelea sikioni.

"Kubali, Da Léo. Ukikataa nakubali mimi, na mimi chemchemi sijui hata kuiangalia."

"Wewe nyamaza. Wewe na viti vyako."

Alitoa mfuko kifuani. Vyeti vilikuwa na unyevu wa jasho, lakini havijachacha.

"Niko wa hapa," alisema.

"Vizuri. Tupige picha. Lazima uwe umekaa kwa ofisi."

Watu walitazamana. Kiti kilikuwa kimoja tu, na Madame Odile ndiye aliyekikalia. Alisimama, akapangusa sketi, akamvuta Léocadie kwa bega. "Kaa. Haraka, jua linahama." Léocadie alikaa nyuma ya meza ya mwalimu, kwenye kiti cha mission, kikiwa bado na joto la aliyekikalia, uso wa vumbi la njia nzima. Simu ya kupigia picha ililia mara moja. Kisha wakaondoa jiwe, jipu likateleza mlimani kimyakimya, likakohoa, likawaka, likaenda zake Kabambare.

Nyumbani, Serge alimsikiliza huku akipepeta mchele.

"Kwa hiyo wamekupa namba?"

"Bado. Wamenikuta tu."

"Wamekukuta Wamaza, mahali haujawahi kulala."

"Ndiyo."

"Na wakirudi kuangalia?"

"Ndiyo sababu naenda."

Serge alipuliza makapi, akasema mpunga wa mwaka huu ataupanda upande ule, kama ardhi ya Wamaza haina namba ya kungojea. Walikubaliana watoto wabaki kwa bibi yao hadi shule ifungwe. Faradji, hitima ilipokwisha, aliandika barua ya kumwachilia, kisha akaichana: mtu hawezi kuachiliwa na ofisi ambayo karatasi inasema haipo. Alimwomba tu akiache kiti, maana wageni hufika. Léocadie aliinamisha kichwa kwa heshima, akasema "Pole sana tena kwa mama, shefu," akakibeba kiti nje.

Kamaldine alikifunga nyuma ya pikipiki, miguu juu, kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Sasa Léocadie anakaa Wamaza. Namba haijashuka. Ofisi yake ni kibanda cha nyasi karibu na chemchemi kubwa ya kijiji, na kila asubuhi anatoa kiti, anakiweka penye kuonekana kutoka barabarani, na anaandika ripoti akiwa juu yake. Maji ya pale yalikuwa machafu. Ameyajengea ukingo wa mawe na amegombana na kila anayefua nguo upande wa juu. Wanamwita Mama Mission.

Juzi mzee mmoja wa ng'ambo ya mto alifariki. Wajukuu zake walifika asubuhi kibandani, wakasalimu, wakatoa habari ya msiba, kisha mkubwa wao akakitazama kiti.

"Mama, tunaomba kiti kwa matanga. Wazee watakuja."

Léocadie alitazama barabara ya Kasongo, akatazama na ya Kabambare. Zote mbili zilikuwa tupu. Akasikiliza kama kuna injini.

"Poleni sana, wanangu," alisema. "Matanga nitafika. Kiti pia nitaleta. Lakini nitakikalia mimi mwenyewe."