Mabega Pekee Hayapandi Kilima

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku tuliyompandisha bibi yangu kilimani kwenda kumzika, kule Mikindani. Nakuhadithia leo kwa sababu jana nilikuona na wenzako pale uwanjani Chuno, mnanyanyua vile vyuma vyenu vya saruji iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi, halafu kila mmoja anajitazama mkono. Usinune. Hata sisi tulikuwa na makopo ya rangi, na mkono wangu niliutazama kuliko wewe.

Enzi hizo nilikuwa pandikizi la mtu. Mchana nabeba magunia ya korosho bandarini, jioni, badala ya kupumzika, narudi kwenye vyuma. Mashati yote yalinibana, nami nilitaka yanibane. Kukimbia niliona ni kazi ya watoto na wezi. Alikuwepo mtani wetu mmoja, Mchopa, mwembamba kama njiti ya kiberiti, mwamuzi wa mechi za mchangani. Kila tukikutana ananiambia tukakimbie pamoja asubuhi, nami namjibu, "Kimbia wewe, mimi nani ananifukuza?" Watu wanacheka, najiona nimeshinda.

Bibi ndiye aliyenilea. Alikuwa akiniita mume wake, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu, na akinipita barazani lazima anipige bega kwa kiganja. "Mume wangu, haya mabega ni yangu," alisema. "Ndiyo yatakayonipandisha kule juu, na wewe ndiye utakayenipokea kaburini. Sitaki mtu mwingine." Nikamwahidi. Ahadi ya namna ile, mwanangu, mtu huitoa huku anacheka, kumbe amejifunga.

Alipofariki nilishika mkono wa mbele wa jeneza tangu mlangoni. Unajua sisi maiti hatumcheleweshi njiani. Watu wanakwenda kwa mwendo wa haraka, na wanaume wanapokezana, huyu anatoa bega, yule anaingiza lake, ili kila mtu apate thawabu. Mimi sikutoa. Kila aliyeniambia, "Lete nikupokee," nilimtikisia kichwa. Huyu ni bibi yangu, nilijiambia, na hawa wembamba watamfikisha wapi?

Kwenye tambarare nilikwenda vizuri. Kilima kilipoanza, kifua nacho kikaanza kuwaka. Si kwamba nilishindwa na uzito, maana bibi alikuwa mwepesi, Mungu amrehemu. Nilishindwa na pumzi. Nikakosa hatua, jeneza likainama upande wangu, na wanaume wakapaza sauti, "La ilaha illallah! Shikeni, shikeni!" Mchopa ndiye aliyejipenyeza chini ya ule mkono kabla jeneza halijaanguka. Akanisukuma pembeni kwa kiuno, akaendelea na wenzake kwa mwendo uleule.

Nilifika makaburini nyuma ya wazee, nahema mdomo wazi. Kaburi lilikuwa tayari, anasubiriwa mtu wa kuingia kumpokea. Miguu yangu ilikuwa inatetemeka. Mjomba alinitazama mara moja tu, akavua viatu, akaingia yeye. Nililia sana siku ile, na watu walidhani nalia msiba peke yake.

Tulipokuwa tunashuka, Mchopa akaja ubavuni kwangu. Unajua watani wetu, hata msibani hawanyamazi. "Jamani, mume gani huyu?" akasema. "Mke anakwenda zake, yeye kabaki njiani anahema!" Waliosikia wakainama kuficha vicheko. Kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, nguvu ya kuinua kitu unayo. Ya kukifikisha kinakokwenda huna. Kesho alfajiri nakupitia."

Nilikasirika mpaka usingizi ukaniruka. Lakini alfajiri alinikuta nimeshavaa raba.

Siku ya kwanza hata pale kilima kinapoanzia hatukufika. Nilikaa chini kando ya njia nikatapika, naye akasimama mbele yangu anapuliza filimbi yake ya uamuzi, makusudi kunikera. Vyuma sikuviacha, mwanangu, usije ukasema nimekukataza. Nilivipunguza. Leo nanyanyua, kesho nakimbia, keshokutwa nauacha mwili upumzike. Na katika kunyanyua kwenyewe nikaanza kuikumbuka miguu, mgongo na tumbo, sehemu ambazo shati la kubana halizionyeshi. Kifua kikapungua, wenzangu wa bandarini wakaniuliza kama naumwa. Kuulizwa hivyo kuliniuma, sikufichi. Lakini siku nilipokipanda kile kilima mbio, nikafika juu na bado naweza kuongea, hayo maneno yao sikuyajali tena.

Mwaka jana Mchopa naye alitangulia. Nilishika mkono wa jeneza lake pale kilima kinapoanzia, na mvi zangu zote hizi, nikapanda naye. Katikati kijana mmoja akaniambia, "Mzee, lete nikupokee." Ningeweza kufika. Nikampa bega, nikatembea pembeni yao hadi juu, na kaburini nikaingia kumpokea mtani wangu kwa miguu iliyotulia.

Basi sikiliza nasaha yangu. Nyanyua vyuma vyako, lakini usivifanye kioo. Kimbia, hata kama wenzako watakucheka. Miguu na pumzi vipe haki yake sawa na mikono, na ukichoka pumzika bila aibu. Siku utakayohitajiwa kweli haitakuuliza mkono wako una unene gani. Na mtu akija kukupokea mzigo, mpe. Si kwamba anakudharau.

Mungu akupe mwili unaokutii, akupe na umri wa kuutumia, akukinge na kiburi kilichoniangusha mimi. Siku yangu itakapofika, wewe ndiye utakayeingia kaburini kunipokea. Mimi upande wangu nimejitahidi, nimepungua, sitakulemea. Kile kilima tu ndicho hakijapungua. Kesho alfajiri nakupitia, mwanangu. Nikukute umevaa raba.